Pacha wa Almasi ya Fadhiya

Kazi aliyopewa Mzamil, sonara wa Ndia Kuu, ilikuwa moja tu: atafute almasi ya kufanana na ile aliyoiacha marehemu, ili Fadhiya avae vipuli kamili siku ya harusi yake. Aliyempa kazi hiyo ni Bi Swafia. Miezi ikapita. Kila jiwe lililoletwa likiwekwa kando ya lile la kwanza lilionekana limefifia, au lina umanjano. Almasi nayo haikubali kuozwa yeyote.

Marehemu huyo ni Ruweida, mdogo wake Swafia. Kipuli kimoja alikiacha ndani ya kanga ya mtoto wake mchanga. Cha pili alikuwa nacho sikioni siku viatu vyake vilipookotwa ufukweni Liwatoni. Maiti haikuonekana, khitma ikasomwa. Swafia, ambaye hakujaliwa kizazi, akamlea Fadhiya akawa ndiye mama. Kuzaa si kazi, kazi kulea: methali hiyo aliisema mno, hata mbele ya watu ambao hawakumuuliza kitu.

Wiki ya harusi, Mzamil akamwita dukani. Aliweka mawe mawili juu ya kitambaa cheusi, akampa kioo cha kukuzia.

"Tazama huo ukungu, Bi Swafia. Waanzia jiwe hili, waishia hili. Yalikatwa kutoka jiwe moja. Hili silo lililofanana, ndilo lenyewe."

Swafia akaweka kioo chini. "Umelipata wapi?"

"Kaja nalo mwanamke, kajifunika uso. Habari zimemfikia kwamba nalitafuta. Pesa kakataa. Kaniuliza jambo moja tu, kama huyo bwana arusi ana tabia njema."

Dada aliyemlilia miaka yote hiyo yu hai, na Swafia hakufurahi. Aliogopa. Aliogopa vibaya, kama aliyewekewa amana kisha akabishiwa hodi na mwenyewe.

"Vitengeneze," akasema. "Na usimwambie mtu."

Tangu hapo kila buibui lililokata kona ya kichochoro lilikuwa na Ruweida ndani yake. Akisalimiwa kwa nyuma alishtuka. Sokoni akaacha kwenda, akawa anaagiza.

Siku ya kupamba, Fadhiya alikaa mbele ya wanawake wenzake macho chini, vipuli viking'aa sawasawa pande zote mbili. Swafia alisimama mlangoni kupokea wageni, akakataa kupokezana zamu. Mmoja akasita kizingitini, hakuna kilichoonekana ila macho.

"Nataka kumuona tu, dadangu. Kisha nende zangu."

Sauti hiyo Swafia alikuwa ameililia kwenye mswala. Akanyoosha mkono, akaziba mlango.

"Hapa ni kwa walioalikwa."

Yule mwanamke akainamisha kichwa, akateremka ngazi taratibu.

Fadhiya aliinua macho, jambo ambalo bibi harusi hafanyi. "Mama, nani huyo uliyemrudisha?"

"Amekosea nyumba, mwanangu."