Baridi ya Rathi Sheth

Mwezi wa Mei, mji wa Nagpur huko India unapowakaanga watu kama bisi, Sulabha Bhagwat alikwenda kwenye mkutano wa Chama cha Wasimamizi wa Majengo na sweta mkobani. Wenzake aliwajua kwa kupenda ukumbi wa baridi kali.

Yeye alisimamia jengo la ofisi, ghorofa saba za vioo, la tajiri Rathi, ambaye wote walimwita sheth, yaani bwana mkubwa. Tangu Machi alikuwa amevitoa viyoyozi nyuzi kumi na nane akavipandisha hadi ishirini na nne. Umeme ukapungua, wapangaji wakanyamaza. Aliyenung'unika ni mwenye jengo peke yake, ambaye Mungu alimjalia mwili wa watu wawili.

"Dada Sulabha," alimwambia mlangoni pa ukumbi, "leo wataalamu wenzako wakisema ishirini na nne inatosha, nami basi. Wakikataa, Jumatatu unirudishie baridi yangu."

"Watakubali, sheth. Mkutano wenyewe ni wa mambo hayo."

Na kweli, ukutani palitandikwa bango la plastiki: Tutunze Majengo, Tuitunze Dunia. Chini yake watu walikuwa wakigonganisha meno.

Mwenyekiti Vilas Dhote akainama kuwasha taa ya shaba ya ufunguzi. Upepo wa kiyoyozi ukaizima. Akawasha tena, ikazimika tena. Bibi mmoja wa safu ya mbele akasema, si kwa sauti ndogo, "Nuksi hiyo." Kule hakuna mkutano unaoanza taa imelala.

Sulabha akamfuata fundi wa ukumbi nyuma ya pazia. "Kaka, punguza upepo. Weka ishirini na tano."

"Wataniua, dada."

"Taa isipowaka ndipo watakuua."

Moto wa taa ukasimama wima. Zikafuata heshima: kila mkubwa shali mabegani, nazi mkononi, na shada la maua lililofungwa plastiki. Mgeni rasmi, mwenyekiti aliyepita, aliyemtangulia huyo aliyepita, mfadhili, mke wa mfadhili. Rathi sheth naye alipata shali yake, akajifunika mpaka kidevuni, akasinzia. Hakuna aliyejipepea. Sulabha aliwatazama, moyo wake ukicheza ngoma. Ushahidi gani tena?

Heshima zikala muda wake wote wa kuzungumza. Alipoitwa, Dhote alimnong'oneza, "Fupisha, dada, chakula kinapoa."

Akafupisha. "Mmekaa humu zaidi ya saa nzima, suti ndani, shali juu, na hakuna aliyelalamika. Kiyoyozi kiko ishirini na tano."

Akangoja makofi. Kisha bwana mmoja akafungua kishikizo cha shingo. Jirani yake akaanza kujipepea kwa karatasi ya ratiba. Kujipepea kukaenda safu kwa safu, kama miayo.

"Ndiyo maana," alisema bibi wa nuksi, "nimekuwa nikisikia kizunguzungu."

Rathi sheth akaamshwa, akaambiwa, akaitupa shali kama amekumbatia nyoka. "Nilijua. Nimeota niko jangwani."

"Lakini ulikuwa unakoroma," Sulabha alisema.

"Nilikuwa nazirai."

"Dada, utatumaliza na mazingira yako," alisema Dhote. "Fundi, kumi na nane." Watu wakapiga makofi, ya kwanza kutoka moyoni tangu waingie.

Kwenye chakula Rathi sheth alimjia, shavu limejaa mkate wa puri. "Umewasikia wenzako."

"Nimewasikia."

"Jumatatu."

Sulabha aliuma kitamutamu cha jalebi kwa hasira hadi shira ikamchuruzika kiwikoni.

Jumatatu alimpeleka tajiri mbele ya kidude cha ukutani cha kupangia baridi ofisini mwake. "Bonyeza mwenyewe, sheth, usije ukasema nimekupunja." Rathi akabonyeza mpaka kikaonyesha kumi na nane. Waya uliokiunganisha kile kidude na mashine Sulabha alikuwa ameuchomoa asubuhi. Mashine zilikuwa chini, zikiendelea na ishirini na nne yao.

Tajiri akavuta pumzi ndefu, akafumba macho. "Sasa hii ni ofisi." Baada ya kitambo kidogo akaagiza chai ya moto, na mlango ufungwe, baridi imezidi.

Sulabha akashuka ngazi amefura. Umeme wa kutosha mtaa mzima ataendelea kuuokoa, na hana wa kumwambia. Akithubutu kulisema chamani, kesho yake ghorofa zote saba zitatoka jasho.