Dole Gumba la Mpika Sabuni

Mpika sabuni alikuwa akipanga nyaraka za benki juu ya meza ya kukatia miche ya sabuni: cheti cha kampuni, orodha ya wamiliki, nakala ya kitambulisho, barua ya anwani. Kila karatasi aliikandamiza kwa kipande cha sabuni isipeperuke. Alikuwa amefikia fomu ya mmiliki halisi, ile yenye kisanduku cha picha, mlango ulipopigwa teke ukagonga ukuta.

Aliingia kaka yake. Nyuma yake alikuja mpakiaji wa ghalani, waliyemwita Tofali.

"Shikamoo, kaka." Mazoea yana taabu.

"Nitaitikia ukishaweka dole." Kaka akatupa karatasi mezani. Ilikuwa hati ya kuhamisha hisa. Kiwanda chote kinakwenda kwake. "Kesho benki wanathibitisha mmiliki. Watamkuta mmoja tu, mimi."

"Mama alituachia nusu kwa nusu. Nusu yako uliniuzia mwenyewe, ukanunua lori. Hebu niambie, lori liko wapi?"

Tofali alicheka, akajikausha haraka.

Kofi lilimtupa mpika sabuni kwenye ukingo wa meza. Alipoinuka, ngumi ikampasua mdomo. Akaukamata mwiko wa kukorogea, mrefu kama mpini wa jembe, akamtandika kaka begani hata akapiga magoti. Tofali aliunyakua mwiko uleule, akamrudishia nao mbavuni mara mbili, pasipo hasira, kama apakiaye magunia. Kisha akamlaza kifudifudi juu ya nyaraka na kumpinda mkono wa kulia.

Kaka alifungua kidau cha wino. "Kunjua ngumi, usinitie dhambini."

"Dhambi unazo za kuuza kwa jumla na rejareja."

Kaka alilichomoa dole gumba, akalipinda kwa mikono miwili. Mfupa ulisema ka! Mpika sabuni alipiga yowe lililotikisa mabati. Dole lililovunjika likachovywa, likagandamizwa kwenye hati, likainuliwa. Kaka akaupuliza wino ukauke.

"Damu nzito kuliko maji. Ungenisikia mapema."

Alimwangusha sakafuni, akampiga teke la mwisho tumboni, akatoka na hati yake. Mlangoni Tofali aligeuka. "Pole, mama," alisema, akamfuata bosi wake.

Mpika sabuni alikaa sakafuni, akatema damu na kipande cha jino. Halafu akacheka, na mbavu zikamkomesha.

Miaka ishirini ya magadi makali ilikuwa imezifuta alama za madole gumba yake yote mawili. Hayakuwa na mstari hata mmoja. Siku ya kusajili kampuni, karani alijaribu kidole baada ya kidole, akinung'unika, mpaka akafika kidole kidogo cha kushoto. Hicho kilipinda tangu utotoni, hakikuwahi kushika kazi, na ndicho pekee kilichosomeka. Ndicho kilichoandikwa kwenye jalada, na ndicho benki wangekitafuta. Kaka hakujua, kwa kuwa siku hiyo alikuwa ameshachukua chake na kwenda kutazama lori.

Mke wa kinyozi, jirani wa ukuta mmoja, aliingia mbio, akashika kichwa. "Yowe gani lile? Mungu wangu! Nani?"

"Wa tumbo moja."

"Twende hospitali."

"Twende. Daktari aandike kila kitu, kisha polisi." Alijiinua kwa mkono wa kushoto, akaanza kuokota karatasi. Cheti kilikuwa na damu pembeni, ila namba zilisomeka. "Bado picha tu."

"Picha na uso huo? Si usubiri uvimbe ushuke!"

"Wameandika picha ya hivi karibuni, shoga. Na kaka atakuwa dirishani benki na hati yake. Kesho asubuhi napita kwa mpiga picha, napigwa nikiwa hivihivi, nakwenda na kidole changu kidogo."

Alirudisha vipande vya sabuni juu ya karatasi, kimoja kimoja. Cha mwisho alikiweka pembeni mwa kisanduku kitupu cha picha, jirani akamshika kwapani, wakatoka.