Mkono wa Kushoto wa Falesi

Ijumaa ya mwisho ya muhula wa mazoezi tulikaa duara, wanachuo kumi na wawili, kila mmoja na daftari lake la tafakari mapajani, tukidanganya kwa zamu. Sina neno jingine la kuliita jambo lile. Chuo kilitutawanya kwenye shule za msingi za Dedza tukafundishe watoto wa miaka sita, kisha kikatuita tuseme tumejifunza nini, na sote tulijua Bwana Msiska, mkufunzi wetu, anapenda kusikia nini.

"Nimejifunza kwamba kila mtoto ni wa pekee," alisoma Wezzie.

"Vizuri sana."

Wezzie nilipanga naye chumba kimoja. Juzi yake tu aliniambia kwamba katika darasa lake hajui majina ya watoto hata ishirini. Sikumlaumu, maana daftari langu, ukitoa kurasa za mwisho, lilinuka uongo kuliko lake.

"Sasa msikilizeni Tadala," alisema Bwana Msiska. "Nilimkagua mwenyewe. Watoto mia moja thelathini na wanne, na kila swali mikono yote iko juu. Miaka yangu yote ya ukaguzi sijaona kitu kama kile. Hebu waambie wenzako siri yako, binti."

Kilemba hicho cha ukoka nilikuwa nimekivaa wiki sita, na nilikipenda. Siku ile kilinichoma kichwa. Nikafungua daftari kurasa za mwisho, nikawaambia siri.

Siri yenyewe nilipewa na Mwalimu Nangoma, mwenye darasa, siku mbili kabla ya ukaguzi. "Mwanangu, wakaguzi hawasikilizi majibu, wanahesabu mikono," aliniambia. Anayejua anyooshe wa kulia, asiyejua anyooshe wa kushoto, na wewe uite wa kulia tu. Niliwafundisha watoto asubuhi moja. Ndilo somo pekee ambalo darasa lile lilinielewa mara moja.

Bwana Msiska akaja, akaona mikono, akanipa alama za juu. Alipoondoka sikuacha. Mbinu ilikuwa tamu. Mtoto keshakuambia mwenyewe kwamba hajui, ya nini kumsumbua na kupoteza muda?

Darasa la kwanza hawana mtihani wa kuandika. Mwisho wa muhula unajumlisha alama ulizotia kwenye rejista kila mtoto alipojibu. Watoto ishirini na saba hawakuwa na alama hata moja. Niliandika majina yao kwenye orodha ya kurudia darasa, nikatia sahihi, nikaenda kula nsima yangu.

Kesho yake nikamkuta Falesi Kamwendo nyuma ya jiko la uji. Alikuwa mtoto mkimya wa safu ya nyuma, jina la kumi na moja kwenye orodha yangu. Alikuwa amemkalisha mdogo wake mavumbini, anamwandikia silabi kwa kijiti.

"Ma, me, mi. Usiniangalie mimi, angalia chini," alimwambia, kwa ukali ule ule ninaoutumia mimi darasani.

Akaandika sentensi nzima, kwamba mama anapika nsima. Haikuwa na kosa hata moja. Aliandika kwa mkono wa kushoto.

"Falesi, mbona darasani hujibu?"

"Huniiti, madamu."

"Si unyooshe mkono nikuite?"

"Nanyoosha kila siku." Akaunyanyua ule wa kushoto, akaunyoosha mpaka akasimama kwa ncha za vidole. "Ila huniiti."

"Siku niliyofundisha mikono ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa naumwa. Niliporudi nikaona wenzangu wengi wananyoosha huu. Nyumbani bibi ananichapa nikiutumia, nikajua kwako ni ruhusa." Akachora mstari mavumbini. "Nikadhani hunipendi tu."

Hasira iliyonipanda sijawahi kuionja tena. Nilitaka kumzaba mtu kofi, na mtu wa karibu nilikuwa mimi. Nikaenda mbio kwa Mwalimu Nangoma, nikamkuta anamenya viazi vitamu chumba cha walimu, hana wasiwasi wa dunia.

"Orodha iko kwa mwalimu mkuu," alisema. "Kurudia darasa si kufa, mwanangu."

"Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Nilikufundisha mbinu ya siku ya mgeni. Hizo wiki nyingine umejifundisha mwenyewe."

Alisema kwa upole, tena akanikaribisha kiazi. Ningemtupia.

Mwalimu mkuu, Mama Chirambo, hakutaka hadithi. Mwanachuo hafuti sahihi yake kwa mdomo, alisema. Nimletee barua ya mkufunzi wangu inayokiri kwamba rejista yangu haifai, na niilete kabla shule haijafunga Jumatatu.

Hayo yote niliyasoma mbele ya duara bila kuruka neno. Nilipomaliza, Bwana Msiska alivua miwani akaifuta kwa tai.

"Binti, kwenye tafakari tunaandika changamoto na njia ya mbele," alisema. "Haya ni maungamo. Kaungame kanisani."

"Naomba barua, bwana."

"Rejista ikiwa haifai, na mazoezi yako hayafai. Nitafuta alama zako zote. Wenzako watahitimu, wewe utarudia muhula. Kwa ajili ya mtoto mmoja?"

"Ulichonipia alama kilikuwa uongo. Na ulikuwa umekaa nyuma kabisa, jirani na Falesi. Hukumwona, na mimi sikumwona."

Wezzie alinivuta sketi. "Dada, kaa chini. Mtoto atarudia, atasahau. Mama yako keshakitangazia kijiji kizima kwamba unahitimu."

Ni kweli, mama alikuwa keshamtenga jogoo wa sherehe. Nilimfikiria mama, nikamfikiria na yule jogoo, na nikazidi kukasirika, kwa sababu kila mtu mle ndani alikuwa na jogoo wake na ndiyo maana tulikuwa tunasoma upuuzi ule.

"Iandike, bwana," nilisema.

Aliiandika kwa kalamu iliyotaka kupasua karatasi.

Jumatatu asubuhi Mama Chirambo aliisoma mara mbili, kisha akalikata jina la Falesi. Nikashusha pumzi. Nasema kwa aibu kwamba nilikaa nikingoja kushukuriwa.

Hakuinua macho kutoka kwenye orodha. "Huyu ametoka kwa sababu ulimkuta anajua," alisema. "Hawa ishirini na sita uliwaambia wakinyoosha kushoto hutawagusa, nao wakatii. Leo nafunga shule. Wanajua nini, hawajui nini, nani wa kuniambia? Katika wiki sita ulimuuliza hata mmoja wao swali?"

Nilitaka kumtaja Mwalimu Nangoma, nimtaje Bwana Msiska na hesabu yake ya mikono, nitaje watoto mia moja thelathini na wanne katika chumba kimoja. Yote yangekuwa kweli.

"Sikumuuliza hata mmoja," nilisema.

Akatikisa kichwa, akavuta mhuri, akaugonga chini ya majina yao.