Jiwe Lililokuwa Tope

Laurenti alikuja Matombo kijana, fundi wa kuezeka, akamwoa Anastasia na kuhamia kwao, maana huku Uluguru ardhi ni ya ukoo wa mama na mwanamume ndiye anayehama. Wakalima ndizi na pilipili manga mpaka mvi zikawaota. Mtoto hawakujaliwa, na hapo ndipo penye kidonda: mtoto angekuwa mwanaukoo, na baba yake asingeguswa. Sasa Anastasia amefariki, matanga yameanuliwa, na Laurenti amebaki peke yake juu ya ardhi ya wenyewe.

Nyumba ilikuwa kimya, hata akikohoa anashtuka. Alisonga ugali wa watu wawili kwa mazoea, kisha akautazama tu. Dirishani palikuwa na jiwe lenye vidoa vyekundu. Joyce, mtaalamu wa miamba aliyewahi kupanga kwao, aliwaeleza kwamba zamani lilikuwa tope la chini ya bahari. Likafukiwa chini sana ardhini, likabanwa na uzito wa milima, joto likalipika bila kuliyeyusha, mpaka chembe zake zikajipanga upya na vito vyekundu vikaota humo humo ndani. Anastasia alicheka sana siku ile, akamwambia mumewe, "Basi ni wewe huyo."

Asubuhi moja akaja Eustace, kaka wa marehemu. Alizungumzia mvua, akazungumzia barabara, mwishowe akasema nyumba wamempa mpwa wao Maria, anayeolewa karibuni. Laurenti arudi kwao Mbinga.

Laurenti akalishika jiwe. "Shemeji, hili lilikuwa tope. Hata ukilirudisha baharini leo, haliwi tope tena. Mbinga hakuna anayenijua. Niacheni nifie hapa, hata jikoni."

Eustace aliinamisha kichwa. Alimpenda mzee huyu, lakini ukoo ulishakaa na kuamua, naye alikuwa mjumbe tu. Mtu wa kumlaumu hapa hayupo, na hilo ndilo linaloudhi.

Laurenti alipomaliza kufunga nguo, Eustace alilitia jiwe begini, likawe ukumbusho. Mzee akalitoa. Akaenda nalo migombani, akalikita kichwani pa kaburi la mkewe.

"Mmoja wetu abaki," alisema.

Kisha akamwomba shemeji yake amshikie begi mpaka barabarani.