Mashine Iliyouliza Jina Lake

Saa mbili asubuhi Mwalimu Makoye alikuwa ameshaketi kwenye benchi la steshenari ya Hosiana, pale Kharumwa, magoti pamoja kama mtu aliyekuja kuposa. Saa nne watoto themanini na wawili wa darasa la saba walikuwa waanze mtihani wa majaribio. Mtihani wenyewe ulikuwa bado ndani ya kompyuta, na kompyuta haikuwa na haraka na mtu.

"Ni swali la kumi na nne tu, mayu," alisema mwalimu, akimwita mama kwa Kisukuma. "Majibu yote manne ni makosa. Rekebisha, chapa, niondoke."

Hiyo "tu" ndiyo iliyomkaa Hosiana kooni. Jana mchana alikuwa ameiwekea mashine toleo jipya la Linux, mfumo unaoiendesha. Leo, akigusa programu ya kuandikia, inakaa kimya dakika nzima ndipo ifunguke. Hata kikokotoo, programu ndogo kuliko zote, kinajivuta kama ng'ombe anayepelekwa joshoni.

Aliizima, akaiwasha. Akafunga yote yaliyokuwa wazi. Kisha akatazama ile orodha inayoonyesha kazi za mashine, maana alidhani toleo jipya limeizidi uzito. Kumbe wapi. Kumbukumbu tele, diski imetulia, feni haivumi.

Aliyechoka huhema, aliwaza. Huyu hahemi. Huyu anangoja. Sasa anangoja nini?

"Kwa George, kwenye ile steshenari nyingine, naambiwa programu zinafunguka kabla hujaketi," alisema mwalimu.

"Nenda basi."

"Nimeshaketi hapa."

Alitania, lakini Hosiana alijua: mtihani ukienda kwa George leo, hautarudi tena.

Hatimaye karatasi ikajitokeza. Akasoma swali la kumi na nne kwa sauti: "Tegua kitendawili. Kitu changu, lakini wenzangu hukitumia kuliko mimi." Akafikiri. "Kiberiti. Zuwena hapo jirani anakijua kuliko mimi."

Mwalimu alicheka mpaka benchi likalia. "Ni jina, mayu. Andika 'jina' hapo penye 'kivuli'."

Hosiana akaandika. Kidole kikabaki juu ya herufi ya mwisho.

Tangu inunuliwe, mashine ile ilikuwa inaitwa gregory. Marehemu mumewe aliiandika hivyo, kwa jina lake mwenyewe, na huu ni mwaka wa tatu tangu wamzike. Jana, baada ya toleo jipya, Hosiana alikuwa ameingia kwenye mipangilio akalifuta jina hilo, akaandika hosiana. Bintiye Wema ndiye aliyesema, kazi unafanya wewe, mama, iitwe wewe. Lakini mkono ulikuwa mzito, kama anayebadilisha kufuli mwenye nyumba akiwa safarini. Na asubuhi ilipoanza kujivuta, wazo lilimpitia ambalo hakumwambia mtu. Kwao, mtoto akilia bila ugonjwa, husemwa amekataa jina.

Akampigia Sabiti, fundi wake aliyehamia Geita. Nyuma ya sauti yake karasha, ile mashine ya wachimbaji wa dhahabu, lilikuwa linasaga mawe.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Sabiti, mashine imekuwa nzito, na jana niliibadilisha jina. Vinahusiana, au ni uzee wangu?"

"Ulibadilisha kwenye mipangilio peke yake?"

"Peke yake."

"Basi ndiyo hiyo. Kuna faili linaitwa hosts, humo bado ni gregory. Programu ikitaka kufunguka inauliza, mimi naitwa hosiana, nakaa wapi? Hakuna anayemjua hosiana. Inangoja jibu mpaka ichoke."

"Kwa hiyo nimfute?"

"Andika jipya. La zamani ukitaka lifute, ukitaka liache. Mstari mmoja unabeba mawili."

Hosiana alilifungua faili, akaweka nywila. Kweli, mstari wa pili, mwishoni: gregory. Akasogea kabla ya jina hilo, akaandika lake mwenyewe, akaacha nafasi moja kati yao. Akahifadhi.

Akagusa kikokotoo. Kilifunguka kabla hajainua kidole. Akauleta mtihani, akaamuru nakala, printa ikaanza kutema karatasi. Saa tatu na robo.

"Ilikuwa inaumwa nini?" mwalimu aliuliza, akizipanga karatasi zikiwa bado na joto.

"Haikuumwa. Ilikuwa inauliza jina, na jibu ulikuwa nalo wewe mfukoni tangu saa mbili."

Mwalimu hakuelewa, na saa haikumruhusu kuuliza. Alipotoka, Hosiana alirudi kwenye lile faili kulifunga, akausoma mstari mara moja zaidi. Hosiana Gregory. Ndivyo jina lake lilivyoandikwa hata kwenye kadi yake ya kanisani.