Ruladi za Bibi Hilde

Kwa miaka miwili Leya alikuwa ameajiriwa kumhudumia Bibi Hilde, mjane wa Kijerumani asiye na mtoto, katika nyumba ndogo huko Black Rock, mjini Buffalo. Alimwogesha, akampa dawa, akamsukuma kwenye kiti chake cha magurudumu. Mikono ya bibi ilitetemeka sana. Kilichomuuma zaidi ni kwamba hakuweza tena kupika ruladi, nyama ya kukunjwa aliyoipenda marehemu mumewe.

"Nifundishe mimi," Leya alimwambia Novemba 2015. "Siku ya Shukrani watu wangu wanakuja. Nitapika, na wewe utakula nasi."

Watu wake hawakuwa wameketi meza moja tangu watoke kambi ya wakimbizi huko Burundi miaka sita nyuma. Kaka yake Semahoro na baba yao, mzee Rugaba, walipelekwa Louisville. Dada yake Isaro, Columbus. Tangu hapo ilikuwa ni simu tu.

Siku ilipofika, Bibi Hilde aliketi jikoni kwa Leya akielekeza kwa kidole. Leya alitandaza vipande vyembamba vya nyama ya ng'ombe, akavipaka haradali, akaweka vitunguu na matango ya siki. Nyama ya nguruwe, ambayo kwa kawaida huwekwa pia ndani, waliiacha, maana mzee Rugaba haigusi. Akavikunja, akavifunga kwa uzi, akavikaanga vikawa vya kahawia, kisha akaongeza maji na kufunika.

Wageni waliingia na kukumbatiana kwa machozi. Kisha mzee Rugaba akafunua sufuria.

"Leya, mtoto wangu, hii nyama ilikosa nini mpaka mukaifunga kamba?"

Semahoro alicheka. Isaro hakucheka.

"Donc, yaani tumekaa ndani ya gari saa tano," alisema, "tukuje kula chakula ya wazungu?"

Maneno yale yalimchoma Leya. Akageukia madonge ya viazi yaliyopaswa kuliwa na nyama. Aliyatumbukiza kwenye maji ya moto, na mbele ya macho yake yakaanza kumeguka, moja baada ya jingine, mpaka sufuria nzima ikawa uji.

Bibi Hilde alifunika uso. "Kosa ni langu," alisema kwa Kiingereza chake kizito. "Nimesahau kipimo cha unga."

Leya naye machozi yalimtoka. Isaro akawatazama wote wawili, akavua koti, akajifunga kitenge kiunoni.

"Bon, muache kulia. Unga ya mahindi iko wapi?"

Aliumimina katika ule uji wa viazi, akasonga kwa nguvu huku Leya akishikilia sufuria, mabega yao yakigusana. Ukatoka ugali laini, wa rangi ya siagi, ambao hakuna aliyewahi kuuona.

Mezani Bibi Hilde aliomba kwa Kijerumani, na wote wakaitika amina. Mzee Rugaba alikata uzi, akachovya tonge kwenye mchuzi, akatafuna taratibu. Alimaliza ruladi tatu.

"Isaro, wewe unasemaje?" Leya aliuliza.

"Ninasema ongeza mchuzi."

Isaro alimkatia bibi nyama vipande vidogo, akamlisha kwa mkono wake bila kuombwa.

Kesho yake, kabla ya kuondoka, mzee alimwagiza Semahoro asimamishe gari mbele ya nyumba ya Bibi Hilde. Leya akafungua mlango wa nyumba, akamsogeza bibi kizingitini. Mzee akasimama pale kwenye baridi, kofia mkononi, akazungumza kirefu kwa Kinyamulenge, lugha ya kwao. Bibi akamjibu kwa Kijerumani, kirefu vilevile, akitikisa kichwa kuitikia kama aliyeelewa kila neno.

"Baba, umemwambia nini?" Leya aliuliza walipokuwa wakirudi garini.

"Nimemushukuru. Hii miaka yote sisi tuko mbali, yeye ndiye alikuwa anakuchunga."

Leya alitaka kumweleza kazi yake ni ipi hasa pale nyumbani. Akafunga tu mkanda wa baba yake, akambusu kwenye paji la uso.