Udongo Mweusi Nyuma ya Bomba

Mwaka wa tisini na sita, pale kambini Kakuma, mwenye sukuma wiki mlangoni alikuwa mtu wa kusalimiwa. Nyadak, bibi wa Kinuer aliyekimbia vita na mjukuu mmoja tu mgongoni, alikuwa nayo. Alipata udongo mweusi, laini, nyuma ya bomba la maji, mahali ambapo mafundi wa malori walikuwa wakivunja betri kabla hawajahama. Kwingine kote ni mchanga na mawe. Akaokota vipande vya plastiki kimoja kimoja, akafagia, akapanda. Majani yakatoka mapana kushinda kiganja.

Mjukuu, Nyakuoth, alikuwa na miaka minne na uso uliopauka. Kliniki wakasema mtoto hana damu, ale mboga za majani. Nyadak akashukuru Mungu: dawa yenyewe iko mlangoni! Akampikia asubuhi na jioni.

Mtoto akazidi kupauka. Tumbo likamkaza hata akajikunja. Maneno aliyoyajua yakaanza kumpotea. Nyadak akaongeza sahani.

"Ejok, mama," alisalimu Nawoi, Mturkana aliyekuja kubadilisha kuni kwa mboga. Siku hiyo ndiyo mara yake ya kwanza kuiona bustani yenyewe, akarudisha fungu alilopewa. "Kumbe unapanda hapa? Hapa fundi Lokaale aliyeyusha betri. Mbuzi zangu mbili zililamba hii udongo, zikazunguka, zikazunguka, zikakufa."

"Zilikufa njaa, zilikuangalia wewe tu ulivyokonda!" Nyadak akacheka. "Mimi naosha majani maji matatu."

"Uchafu wa nje unaosha. Na ule mmea umekunywa?"

Nyadak akaacha kucheka. Asubuhi iliyofuata alimbebea muuguzi Ereng mche mzima, na udongo wake. Ereng akavifunga, akavipeleka Lodwar, na kutoka huko vikaenda Nairobi kupimwa. Zikapita wiki tano. Nyadak aliapa kutompa tena mtoto majani yale, lakini mtoto alipokataa mahindi matupu na kulia, alimpa kidogo. Kidogo tu.

Ereng akarudi na karatasi. "Mama, madini ya betri yamo kwenye udongo, kwenye mizizi, hata kwenye majani. Kuosha hakuyatoi, wala kuchemsha. Kesho gari litampeleka mtoto hospitali ya Lodwar."

"Atapona?"

Ereng akaikunja karatasi. "Afadhali tungejua mapema, mama."

Nyadak akang'oa bustani yote. Hajamaliza, wanawake wakafika na mabeseni.

"Kwa nini unatupa chakula? Nipe mimi, nitachemsha sana."

"Ni sumu."

"Sumu gani inanawiri hivi? Sema tu umekuwa mchoyo!"

Nyadak akalikalia lile rundo la majani. Nyakuoth akatoka ndani akijiburuta, akanyoosha mkono achukue jani, kiganja kikaning'inia, hakiinuki. Bibi akaudaka ule mkono, akaubana kifuani. Wanawake walikuwa bado wamesimama na mabeseni yao.